Shajara ya Mradi: Kupunguza Dozi ya Mionzi katika Kipimo cha Moyo cha CT

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza rasmi leo baada ya kikao cha kitengo cha radiolojia cha hospitali yetu hapa Dar es Salaam, kilichowakutanisha madaktari bingwa wa radiolojia, wateknolojia mionzi, muuguzi wa chumba cha CT (mtambo wa eksirei unaozunguka mwili na kupiga picha za vipande vyembamba), daktari bingwa wa moyo anayetuletea wagonjwa wengi, na mimi, mtaalamu wa fizikia tiba niliyekabidhiwa kuandika shajara hii. Lengo limeandikwa kwa sentensi moja: kupunguza dozi ya mionzi anayoipata mgonjwa anapopimwa mishipa ya moyo kwa CT, bila kuongeza idadi ya vipimo visivyosomeka. Nusu ya pili ya sentensi hiyo imeongezwa kwa msisitizo wa daktari wa radiolojia, nami naona ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa kushusha dozi peke yake ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kubadili namba mbili kwenye skrini. Kipimo kisichosomeka humrudisha mgonjwa mezani, au humpeleka Cathlab kwa uchunguzi wa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni) ambao nao una mionzi yake na hatari zake, na hapo kilichookolewa asubuhi kinakuwa kimelipwa mara mbili jioni.

Kwa wasio wa fani hii, tatizo liko hivi. Moyo hautulii, na mishipa inayoulisha ina upana wa milimita chache tu, hivyo picha lazima ipatikane katika ile sehemu fupi ya pigo ambamo moyo umepumzika. Njia iliyozoeleka tangu mashine za CT zenye safu 64 za vigunduzi vya mionzi zilipoenea ilikuwa kuacha mionzi ikiwaka mfululizo huku meza ikisogea polepole sana, kiasi kwamba kila kipande cha kifua hupigwa zaidi ya mara moja. Baadaye kompyuta huufuata mchoro wa ECG, yaani wa umeme wa moyo, huchagua data za sehemu tulivu ya pigo na kuziacha zilizobaki, ambazo mwili wa mgonjwa umekwisha kuzigharamia. Njia ya pili ni ya kungoja: mashine huusoma mchoro wa ECG, huwasha mionzi katika sehemu iliyopangwa ya pigo, huzima, husogeza meza, kisha husubiri pigo linalofaa. Katika shajara hii njia hizo zitaitwa upigaji mfululizo na upigaji wa kungoja.

Tumeanza kwa kusoma uzoefu wa wengine. Utafiti wa kimataifa ulioitwa PROTECTION I, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima dozi za wagonjwa 1,965 katika vituo 50 na kukuta kwamba dozi ya kati, yaani ile ambayo nusu ya wagonjwa wako juu yake na nusu chini yake, ilikuwa takriban milisiverti 12, ilhali mionzi ya asili inayompata binadamu kutoka ardhini, angani na katika chakula ni takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka kwa wastani wa dunia. Lililotushtua zaidi si ile 12, bali tofauti kati ya vituo, kwani vingine vilitumia zaidi ya mara sita ya dozi ya vingine kwa kipimo kilekile. Utafiti wa mwendelezo wake, PROTECTION VI, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba kati ya mwaka 2007 na 2017 dozi hiyo ilishuka kwa asilimia 78, lakini tofauti kati ya hospitali na hospitali ilibaki kubwa. Maana yake kwetu ni kwamba aina ya mashine haielezi kila kitu. Sehemu kubwa iko katika namna watu wanavyoitumia.

Februari

Mwezi mzima umekwenda katika kukusanya kumbukumbu, kazi isiyo na mvuto ambayo bila hiyo yote yatakayofuata yatakuwa maneno matupu. Kila kipimo kinapokwisha, mashine huandika ukurasa wa dozi wenye namba mbili za msingi. Ya kwanza, CTDIvol, inaeleza ukali wa mionzi katika kila kipande na husomwa kwa miligrei. Ya pili, DLP, ni ile ya kwanza ikizidishwa kwa urefu wa eneo lililopigwa, na kipimo chake ni miligrei-sentimita. Tumeamua kuandika kila hatua katika mstari wake: picha ya awali ya kupanga eneo, kipimo cha kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, vipande vya kufuatilia kuwasili kwa dawa ya kontrasti (inayodungwa ili mishipa ionekane), na kipimo chenyewe cha mishipa. Ukizijumlisha zote katika namba moja hutaweza kujua baadaye ni hatua ipi iliyobadilika.

Kikao kilitumia muda mrefu kujadili kama tuandike milisiverti au tubaki na DLP. Ili kupata milisiverti, DLP huzidishwa kwa namba maalumu, na kwa miaka mingi kipimo cha moyo kimekuwa kikizidishwa kwa 0.014, ambayo ni namba ya kifua kizima. Namba iliyokokotolewa mahususi kwa moyo ni 0.026. DLP ya 885, ambayo ndiyo ya kati katika PROTECTION I, inatoa milisiverti 12 kwa namba ya kwanza na 23 kwa ya pili, ilhali mgonjwa ni yuleyule na mionzi ni ileile. Msimamo wangu, ambao kikao kiliukubali, ni kwamba mradi ufuatilie DLP kama mashine inavyoiandika, na milisiverti zitumike tu pale tunapomfafanulia mgonjwa au mwenzetu asiye wa fani, tukitaja kila mara namba iliyotumika.

Kikwazo cha mwezi huu kilikuwa mizani. Uzito wa wagonjwa haukuwa ukiandikwa, kwa sababu rahisi kwamba mizani haikuwepo chumba cha CT, na wateknolojia walikuwa wakikadiria kwa macho. Sasa ipo, pamoja na rula ya kupimia urefu ukutani. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, katika chapisho lake namba 135 la mwaka 2017, inashauri dozi ya kituo ikadiriwe kutokana na wagonjwa wasiopungua 20 wa kawaida kwa kila aina ya kipimo, na itazamwe namba ya kati badala ya wastani, kwa kuwa mgonjwa mmoja mwenye mwili mkubwa sana anaweza kuuvuta wastani wote juu. Sharti hilo tumelitimiza.

Machi

Kumbukumbu zimeonyesha jambo ambalo baadhi yetu tulikuwa tukilihisi. Karibu kila mgonjwa, awe na mapigo 55 yaliyotulia au 85 yanayokimbia, alikuwa akipigwa kwa upigaji mfululizo. Sababu haikuwa uzembe. Mpangilio huo ndio uliokuwa juu kabisa katika orodha ya mashine tangu ilipofungwa, na una sifa moja inayompendeza mteknolojia mwenye foleni ndefu nje ya mlango: haumwangushi. Kwa kuwa data za pigo zima zipo, hata mapigo yakiruka, kompyuta itapata mahali pa kuchagua. Usalama huo wa mfanyakazi, hata hivyo, unalipwa na mgonjwa.

Orodha imepangwa upya. Upigaji wa kungoja kwa wenye mapigo ya chini na yaliyo sawa umewekwa juu, upigaji wa kungoja wenye muda mrefu zaidi wa mionzi kwa wenye mapigo ya kati umefuata, na upigaji mfululizo umewekwa chini kabisa, ukihitaji idhini ya daktari wa radiolojia na sababu iliyoandikwa kwenye fomu. Hata huo uliobaki umefungwa kifaa cha kupunguza nguvu ya mionzi katika sehemu za pigo zisizohitajika. Ushahidi wa kuchukua hatua hii ni imara: katika PROTECTION III, wagonjwa 400 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia hizo mbili, na waliopigwa kwa njia ya kungoja walipata dozi iliyo pungufu kwa asilimia 69, bila ubora wa picha kushuka.

Daktari wa moyo aliuliza swali la haki: je, hatutapoteza taarifa za namna moyo unavyosukuma damu, ambazo upigaji mfululizo huzitoa kwa kuonyesha pigo zima? Tutazipoteza, naam. Lakini taarifa hizo hupatikana kwa ultrasaundi ya moyo, isiyo na mionzi hata chembe, na wengi wa wagonjwa wake huja wakiwa wamekwisha kuifanyiwa. Alikubali, kwa sharti kwamba wagonjwa wenye valvu bandia wajadiliwe mmoja mmoja.

Aprili

Mwezi huu umethibitisha kwamba uamuzi mkubwa kuhusu dozi haufanyiki kwenye kompyuta ya mashine, bali kwenye benchi la kusubiria.

Hesabu yake ni hii. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 1,000. Yakiwa 90, huchukua takriban 667, na sehemu inayofupika zaidi ni ile ya mapumziko, ambayo ndiyo tunayoihitaji. Mashine yetu huzunguka mara moja kwa takriban sekunde 0.35 na huhitaji nusu ya mzunguko kutengeneza picha, yaani kiasi cha milisekunde 175. Kwa moyo wa mapigo 60 nafasi hiyo inapatikana kwa raha, karibu na asilimia 70 hadi 80 ya muda kati ya pigo na pigo. Kwa moyo wa mapigo 90 haipatikani, hivyo mteknolojia hulazimika kurefusha muda wa mionzi ili awe na sehemu nyingi za kuchagua, na dozi hupanda pamoja na kila milisekunde inayoongezwa.

Tulipokaa kuangalia jinsi mgonjwa anavyofika mezani, tuliona kwamba utaratibu wetu ulikuwa ukimpandisha mapigo kabla ya kumpima. Mtu ametoka Mbagala au Bunju kwa daladala mbili, amekimbizana na muda wa miadi, amepanda ngazi, amelipia dirishani, kisha anaitwa moja kwa moja alale chini ya mtambo unaonguruma. Sasa anatakiwa afike saa moja na nusu kabla. Jioni ya kuamkia siku ya miadi anapigiwa simu na kukumbushwa asinywe kahawa, chai ya rangi wala vinywaji vya kuongeza nguvu, na asivute sigara. Akifika anakaa katika chumba chenye kiyoyozi, anapimwa shinikizo la damu na mapigo, kisha muuguzi anampitisha katika orodha ya maswali kabla ya daktari kuandika dawa.

Dawa tunayoitumia zaidi ni metoprolo, miligramu 50 hadi 100 za kumeza saa moja kabla ya kipimo, na lengo ni mapigo yasizidi 60, au 65 kwa wale ambao hawashuki zaidi. Hapa uangalifu hauna mjadala: mwenye pumu kali, mwenye shinikizo lililo chini, mwenye hitilafu ya umeme wa moyo inayochelewesha mapigo, au mwenye moyo ulioshindwa kazi na ambao haujatulizwa, hapewi. Kwa baadhi yao daktari wa moyo huchagua ivabradini, dawa nyingine ya kupunguza mapigo, na kwa wengine tunakubali kuwapiga kwa dozi kubwa zaidi. Kumlegeza mtu moyo kupita kiasi ili ukurasa wa dozi upendeze si kinga ya mionzi.

Dawa ya pili ni nitrogliserini ya chini ya ulimi, inayotanua mishipa ili isomeke vizuri. Haiwezi kutolewa kwa mwanamume aliyetumia sildenafili au dawa za jamii yake, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuporomoka kwa hatari. Muuguzi alibaini kwamba wanaume walioulizwa kuhusu dawa za nguvu za kiume mbele ya wake zao au watoto wao walijibu hapana wote, bila hata kufikiri. Swali limehamishiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa, na majibu yamebadilika. Hili halimo katika mwongozo wowote niliousoma, lakini naliona ni la maana kuliko marekebisho kadhaa ya kitaalamu tuliyoyafanya.

Mei

Kazi ya mwezi huu imekuwa pumzi na waya za ECG.

Mashine ilikuja na sauti iliyorekodiwa kwa Kiingereza, ikimwamuru mgonjwa avute pumzi na kuizuia. Wateknolojia walikuwa wakiizima na kusema wenyewe kwa kipaza sauti, kila mmoja kwa maneno na kasi yake, hivyo muda kati ya amri na kuwaka kwa mionzi haukuwa sawa kwa wagonjwa wote. Sasa mmoja wao, mama mwenye sauti tulivu, amerekodi amri kwa Kiswahili: “Vuta pumzi kidogo. Izuie. Usipumue.” Na baada ya kipimo: “Haya, pumua kama kawaida.” Neno “kidogo” limewekwa kwa makusudi. Mgonjwa anayevuta pumzi kwa nguvu zote na kujikaza huvuruga mapigo yake, na pia huvuta kwa wingi damu isiyo na dawa ya kontrasti kutoka mshipa mkubwa wa chini kuingia moyoni, hivyo dawa huzimuliwa wakati uleule tunaoihitaji.

Kila mgonjwa hufanya mazoezi ya amri hiyo akiwa mezani, kabla ya dawa, huku mteknolojia akitazama mchoro wa ECG. Kwa wengi mapigo hushuka sekunde chache baada ya pumzi kuzuiwa, kwa hiyo mionzi inacheleweshwa kidogo ili ikute moyo umetulia. Muuguzi pia humweleza mapema kwamba dawa ikiingia atahisi joto likisambaa mwilini na huenda akadhani amejikojolea. Maelezo hayo yanaokoa mapigo kadhaa kwa dakika, maana mtu asiyeonywa hushtuka wakati hasa mashine inapojiandaa kupiga.

Kuhusu waya, tatizo letu ni jasho. Vibandiko vinalegea, mchoro unakuwa na mawimbi madogo, na mashine hulichukulia wimbi lisilo sahihi kuwa ndicho kilele cha pigo, kisha huwasha mionzi katika sehemu isiyokusudiwa. Ngozi sasa inafutwa kwa spiriti na kukaushwa, nywele za kifuani zinanyolewa panapohitajika, na kipimo hakianzi mpaka mchoro uwe na kilele kimoja kirefu kwa kila pigo.

Juni

Hatua ya kugusa umeme wa bomba la eksirei imefanyika baada ya yote hayo, na kwa makusudi. Wakati moyo bado ulikuwa ukikimbia, picha mbaya ingesingiziwa volti, na madaktari wanaosoma picha wangedai turudi kwenye mipangilio ya zamani.

Fizikia ya hatua hii inapendeza. Dozi hupungua takriban kwa mraba wa volteji, hivyo kushuka kutoka kilovolti 120 hadi 100, bila kubadili kingine, huiacha dozi karibu asilimia 69 ya ilivyokuwa. Wakati huohuo, ayodini iliyo katika dawa ya kontrasti hunyonya mionzi kwa nguvu zaidi kadiri nishati inavyokaribia kiloelektrovolti 33, kwa hiyo mishipa hung’aa zaidi kwa kilovolti 100 kuliko kwa 120. Chenga za picha, yaani madoadoa yanayoifanya isisomeke vizuri, zinaongezeka, lakini mng’ao nao unaongezeka. PROTECTION II iliwalinganisha wagonjwa 400 wasio na unene wa kupindukia na kukuta dozi imepungua kwa asilimia 31, ubora ukibaki uleule, matokeo yanayokaribiana kabisa na hesabu ya kwenye karatasi.

Kwetu, kilovolti 100 imekuwa ndiyo kawaida kwa mgonjwa ambaye BMI yake, yaani uzito wa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita, iko chini ya 30, na hapa ndipo mizani ya Februari ilipoanza kulipa. Wembamba sana hupigwa kwa 80. Kipimo cha kalsiamu kimebaki kwenye 120, kwa kuwa alama ya Agatston inayoeleza wingi wa kalsiamu, iliyobuniwa mwaka 1990, hutegemea kizingiti cha uniti 130 za Hounsfield (kipimo cha mng’ao katika picha za CT), na ukibadili volteji bila kurekebisha hesabu hiyo, alama hazitalinganishika na za hospitali nyingine. Wenye kalsiamu nyingi wanaangaliwa kwa jicho la pekee, maana kwa volteji ndogo kalsiamu nayo hung’aa zaidi na kuufanya mshipa uonekane umeziba kuliko ulivyo.

Daktari mmoja alidhani kwamba programu mpya ya kutengeneza picha kwa marudio, tuliyoinunua pamoja na mashine, ilikuwa ikipunguza dozi muda wote huu. Haikuwa. Programu hiyo inasafisha chenga baada ya mionzi kupita. Mgonjwa hanufaiki mpaka mtu ashushe mkondo wa umeme kwa hiari yake, akijua kwamba chenga zitakazoongezeka zitasafishwa. Chenga hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha dozi: ukiikata dozi nusu, zinaongezeka kwa takriban asilimia 41 tu. Tumeshusha mkondo kwa hatua ndogo ndogo, na katika kila hatua madaktari wawili wa radiolojia wamesoma picha bila kuambiwa zilipigwa kwa mpangilio upi. Pale mmoja wao alipoanza kulalamika kuhusu matawi madogo ya pembeni, tulirudi hatua moja nyuma na kuishia hapo.

Jambo dogo la mwisho la Juni ni urefu wa eneo. Picha za kalsiamu, zinazotangulia, zinaonyesha hasa mishipa inapoanzia na ncha ya moyo inapoishia, lakini mazoea yalikuwa kuanza juu sana na kumalizia kwenye ini, kwa kujihami. Eneo la sentimita 16 likipunguzwa kuwa 12, robo ya DLP imeondoka bila kugusa kitufe kingine chochote.

Julai

Mwezi mfupi. Tumejadili ngao za bismuthi za kufunika matiti na kuamua kutozitumia: hupoteza pia mionzi iliyokwisha kupita mwilini ambayo ingetengeneza picha, na kupunguza mkondo wa umeme humlinda mgonjwa kwa ufanisi zaidi. Imekuwa vigumu kidogo kuwaeleza ndugu wa wagonjwa, ambao huiona ngao kuwa ni huruma. Badala yake tunasisitiza mgonjwa awekwe katikati kabisa ya tundu la mashine. Akikaa juu au chini ya katikati, picha ya awali humwonyesha mnene au mwembamba kuliko alivyo, na mashine hupanga mionzi kwa kufuata mwili ambao si wake.

Agosti

Wiki ya kwanza ya mwezi mafundi walikuja kusasisha programu ya mashine. Siku iliyofuata, mteknolojia wa zamu ya asubuhi aliandika kwenye daftari la mradi kwamba DLP ya mgonjwa wa kwanza, mwanamke mwembamba mwenye mapigo ya chini, ilikuwa juu kuliko alivyotarajia. Alisimamisha wagonjwa wa moyo na kuniita. Orodha ilikuwa imerudi kama ilivyotoka kiwandani: upigaji mfululizo juu, kilovolti 120, na mipangilio yetu yote imefutika.

Tumeirejesha kutoka nakala tuliyokuwa tumeichapa kwenye karatasi, na sasa kila mpangilio unahifadhiwa mahali pawili, na hakuna mgonjwa anayepigwa baada ya matengenezo mpaka mipangilio ilinganishwe na nakala, mstari kwa mstari. Tumebandika pia ukutani kiwango cha tahadhari cha DLP kwa kila kundi la uzito. Lililotusaidia hapa ni mteknolojia aliyekwisha kujua namba ya kawaida ikoje. Miezi sita nyuma, namba hiyo ingepita bila mtu kuinua kichwa. Katika ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania tutaieleza hatua hiyo kama sehemu ya utaratibu wa kudumu wa kitengo.

Septemba

Mlinganisho wa miezi ya karibuni na Februari umekamilika. DLP ya kati imeshuka katika makundi yote ya uzito, mshuko mkubwa zaidi ukiwa kwa wenye mapigo ya chini na mwili wa kawaida, na vipimo visivyosomeka havijaongezeka. Nimeombwa na uongozi niseme ni hatua ipi iliyochangia zaidi. Kwa namba, ni kuhama kutoka upigaji mfululizo. Lakini kuhama huko kusingewezekana bila chumba cha kusubiria, dawa, maswali ya muuguzi na mazoezi ya pumzi, kwa hiyo nimekataa kuzitenganisha katika ripoti.

Limejitokeza pia swali la nani apimwe. Fomu kadhaa zilizoletwa zilikuwa za vijana, hasa wanawake, wenye maumivu ya kifua yasiyo na dalili ya moyo. Makadirio ya Einstein na wenzake ya mwaka 2007, yaliyofanywa kwa dozi za wakati ule, yaliweka uwezekano wa kipimo kimoja kusababisha saratani maishani kuwa mmoja kati ya 143 kwa mwanamke wa miaka 20, na mmoja kati ya 3,261 kwa mwanamume wa miaka 80. Dozi za sasa ni ndogo mno kuliko zile, lakini tofauti ya umri na jinsia iko palepale. Fomu mpya inamtaka daktari anayeomba kipimo aandike aina ya maumivu, vihatarishi vya mgonjwa na matokeo ya vipimo vilivyotangulia.

Nimeonya, hata hivyo, dhidi ya kulipeleka jambo hili mbali mno. Katika utafiti wa SCOT-HEART wa Uskoti, uliohusisha wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua, baada ya miaka mitano waliopata vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo au shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 miongoni mwa waliofanyiwa CT pamoja na huduma ya kawaida, na 3.9 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida peke yake. Mzee mwenye kisukari na maumivu yanayomjia akipanda ngazi, anayekataa kipimo kwa kuwa jirani amemwambia mionzi inaleta saratani, yuko katika hatari kubwa zaidi nyumbani kwake kuliko mezani kwetu. Muuguzi ameandaliwa maelezo ya kumpa, yakiwa na namba halisi.

Oktoba

Kundi moja limebaki nje ya mafanikio haya: wagonjwa ambao mapigo yao hayana mpangilio kwa sababu ya mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Dawa huwapunguzia kasi bila kuwapa mpangilio, na mashine inayongoja pigo haijui lijalo litafika lini. Kwa sasa tunawapiga katika sehemu ya kusinyaa kwa moyo, ambayo haibadiliki sana hata pigo likichelewa, kwa muda wa mionzi uliorefushwa, na mashine imeelekezwa kuliruka pigo lililowahi mno na kungoja linalofuata. Dozi yao iko juu ya ya wengine na itaendelea kuwa hivyo kwa mashine tuliyonayo. Zile zinazoumeza moyo mzima kwa mzunguko mmoja, kwa upana wa sentimita 16, zingewafaa zaidi, lakini hilo ni suala la bajeti ya miaka ijayo. Waliopasuliwa na kuwekewa mishipa mbadala nao wanahitaji eneo refu zaidi kuanzia juu ya kifua, na kiwango chao cha tahadhari kimeandikwa peke yake.

Kumbukumbu za makundi hayo mawili sasa zinahifadhiwa katika daftari tofauti na zile za wagonjwa wa kawaida. Uchambuzi wake utaanza kila kundi litakapofikisha wagonjwa 20, na mpaka hapo mipangilio yao haitaguswa.